Video za rimiksi au blogu za fasihi: saa yako ya mtandaoni uipe nini?

Una saa moja hivi jioni. Kazi zimeisha, akili bado iko macho, na hutaki saa hiyo iishie kwenye kuskroli picha za watu usiowajua. Rafiki mmoja anakutumia viungo vya video za rimiksi kila siku. Mwingine amekuambia mara nyingi kwamba ukipata blogu mbili tatu nzuri za fasihi, huko kwingine hutarudi. Umeonja pande zote mbili na bado umekwama katikati.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Video ya rimiksi hutengenezwa kwa kukata na kuunga upya vitu vilivyokwisha kurekodiwa na wengine, iwe filamu, tamthilia, hotuba, taarifa ya habari au wimbo, mpaka vitoe maana ambayo havikuwa nayo. Humo kuna trela za uongo, mikusanyo ya klipu za jambo moja linalojirudia, nyimbo mbili zilizofungwa pamoja, na hotuba za wanasiasa zilizogeuzwa kuwa nyimbo. Blogu ya fasihi ni uwanja wa mtu mmoja au kikundi kidogo kinachoandika mara kwa mara kuhusu vitabu: tahakiki, habari za waandishi, tafsiri, tuzo, na malalamiko kuhusu majalada mabaya.

Watu wengi huamua kwa mizani moja tu, kwamba rimiksi ni mchezo na blogu ni usomi. Mizani hiyo haipimi kitu. Zipo rimiksi zilizofikiriwa kwa undani kuliko tahakiki nyingi za magazetini, na zipo blogu za vitabu ambazo ni maneno ya jalada la nyuma yaliyopangwa upya. Nitatumia vigezo vingine: unahitaji kuwa na nini kichwani kabla ya kuanza, vinakula muda na umakini kiasi gani, vinakufikiaje, vitadumu vipi, nani yuko nyuma yake na anapata nini, na itakuwaje siku ukitaka kutengeneza chako. Suala la bando nalo lipo, ila halihitaji maneno mengi. Vigezo hivi havina uzito sawa, na kwa maoni yangu cha kwanza ndicho kinachoamua zaidi.

Akiba uliyonayo kichwani

Chukua mfano unaojulikana sana. Mwaka 2005 mhariri wa video wa New York, Robert Ryang, alitengeneza trela mpya ya The Shining, filamu ya kutisha ya Stanley Kubrick ya mwaka 1980, kwa ajili ya shindano la wahariri. Hakupiga picha hata moja. Filamu ni ileile ya baba anayepandwa na wazimu ndani ya hoteli tupu akamgeukia mkewe na mwanawe. Ryang alichagua vipande ambavyo watu wanatabasamu au wako karibu karibu, akaweka msimulizi wa sauti changamfu anayemtambulisha mwandishi aliyekwama na mtoto anayetamani baba, kisha akapandisha wimbo wa Peter Gabriel. Ikawa filamu ya familia, ya kucheka na kufuta machozi.

Kilichobadilika ni mpangilio, sauti, na yaliyoachwa nje. Anayeijua filamu anacheka tangu sekunde za mwanzo, maana kila tabasamu analoonyeshwa anakumbuka lilikotoka na linakoelekea. Asiyeijua anaona tangazo la kawaida la filamu ya kawaida, na anabaki kujiuliza wenzake wanacheka nini. Rimiksi nyingi zinaishi kwa namna hii. Utamu wake uko kwenye pengo kati ya kilicho kwenye skrini na kilicho kwenye kumbukumbu yako, na kumbukumbu ikiwa tupu hakuna pengo la kuchekea.

Zipo zisizodai akiba hiyo. Mwaka 2009 mwanamuziki wa Israeli anayejulikana kama Kutiman alitoa mradi wa ThruYOU. Alipekua YouTube akakusanya video za watu wasiofahamiana, huyu anapiga ngoma, yule anafundisha ala, mwingine anaimba peke yake mbele ya kamera, akawaunganisha wakawa bendi moja. Hapo hutakiwi kujua chochote mapema. Unamwona kila mpigaji pale alipoketi, na raha ni ya kuwasikia watu ambao hawajawahi kukutana wakishika mdundo mmoja. Kama hukukulia kwenye filamu na tamthilia, anzia kwenye rimiksi za muziki za aina hii.

Blogu ya fasihi kwa kawaida inachukulia kwamba kitabu hujakisoma. Mwaka 2012 mwandishi Mwingereza Ann Morgan aliendesha blogu ya kusoma kitabu kimoja kutoka kila nchi ndani ya mwaka mmoja, akiwaomba wasomaji wampendekezee. Ilipofika zamu ya São Tomé na Príncipe hakupata kitabu kilichotafsiriwa kwa Kiingereza, basi wakajitokeza watu wa kujitolea wakagawana kurasa na kumtafsiria kimoja. Aliyekuwa akifuatilia blogu ile hakuhitaji kujua lolote kuhusu fasihi ya visiwa vile. Udadisi ulimtosha.

Si kila blogu iko wazi hivyo. Nyingine zimezeeka pamoja na wasomaji wake, na ukifika leo ni sawa na kuketi kwenye baraza ambalo mazungumzo yalianza zamani: majina ya wachapishaji yanatajwa bila maelezo, ugomvi wa tuzo fulani unadokezwa kwa kicheko, na hakuna anayegeuka kukueleza. Dawa yake ni kusoma kwa kurudi nyuma. Makala tano sita za zamani zinatosha kukuonyesha mwenyeji anapenda nini na ana kinyongo na nani, na kuanzia hapo vijembe vyake utavielewa.

Rimiksi basi inakurudisha kwa unayoyajua, na blogu inakusukuma kwa usiyoyajua. Ukitaka kupima unaegemea wapi, angalia unavyotazama filamu na wenzako. Wapo wanaopenda kusema "kumbuka pale alipofanya hivi", na wapo wanaouliza "kuna nyingine kama hii?" Wa kwanza ni wa rimiksi, wa pili ni wa blogu. Wengi wetu tuko nusu kwa nusu, na hapo ndipo vigezo vingine vinapoingia.

Muda, na umakini unaodaiwa

Kwa saa ya ukutani, rimiksi inashinda bila ubishi. Nyingi ni za dakika chache, nyingine hazifiki hata dakika moja. Usidhani ufupi ni wepesi. Rimiksi nzuri imebanwa: ndani ya dakika tatu kunaweza kuwa na klipu zaidi ya mia moja, kila moja ikizungumza na ya kabla yake. Mikusanyo ya klipu za jambo moja, ambayo mwanablogu Mmarekani Andy Baio aliipa jina la supakati mwaka 2008, ni mfano mzuri. Ukitazama mkusanyo wa wahusika wa filamu za kutisha wakiinua simu na kusema hakuna mtandao, mmoja baada ya mwingine, mwanzoni unacheka. Ikifika klipu ya thelathini unaanza kuelewa kwamba simu ya mkononi iliwaharibia waandishi hadithi zao, na kwamba wote walikimbilia mlango mmoja wa kutokea. Huo ni uhakiki, ingawa hakuna sentensi hata moja iliyoandikwa.

Tatizo la rimiksi liko katikati ya video na video. Ikiisha moja, nyingine inaanza yenyewe, na ya tatu haihusiani tena na ya kwanza. Watu husema walitazama rimiksi saa nzima, lakini ukichunguza utakuta rimiksi zilikuwa dakika kumi na tano na zilizobaki ni takataka zilizoletwa na mkondo. Zima uchezaji wa kujiendesha. Hilo peke yake linabadilisha mambo mengi.

Makala ya blogu huchukua dakika tano hadi kumi na tano, na inadai umakini wa moja kwa moja. Huwezi kuisoma huku unaosha vyombo. Lakini gharama yake halisi haiko kwenye makala. Ikiwa mwanablogu amefanya kazi yake vizuri, unafunga ukurasa ukiwa na hamu ya kitabu cha kurasa mia nne. Ukifuatilia blogu nne zenye nguvu, orodha yako ya vitabu vya kusoma itakua haraka kuliko utakavyoweza kusoma, na wapo ambao hilo huwakosesha raha kabisa. Mimi naliona ni jambo la kawaida. Orodha hiyo siyo deni.

Kuna aina ya makala ambayo ningeitafuta kwanza: ile inayochukua aya moja ya riwaya, inainakili nzima, kisha inakaa nayo. Mwanablogu anakuonyesha kwamba msimulizi ametaja chumba, dirisha, kikombe cha chai kilichopoa, lakini hajamtaja aliyekuwa akinywa chai hiyo. Anakuuliza kwa nini. Unarudi kwenye aya, unaisoma tena polepole, na unagundua kwamba mtu fulani ameshakufa na hadithi haijasema. Dakika kumi za namna hiyo zinakufundisha kusoma kuliko muhtasari wa riwaya kumi.

Namna vinavyokufikia

Rimiksi zinakuja zenyewe. Algoriti, yaani programu ya jukwaa inayokuchagulia cha kutazama, ikishajua unazipenda itakuletea nyingi, nzuri na mbovu, na mara nyingi zimepakiwa upya na mtu mwingine bila jina la aliyezitengeneza. Ukipenda kazi moja, dakika mbili za kumtafuta mtengenezaji wa asili hazipotei bure. Ukimpata utaona mwendo wake wa miaka. DJ Earworm, kwa mfano, tangu mwaka 2007 amekuwa akifunga nyimbo zilizovuma Marekani katika mwaka mzima ndani ya wimbo mmoja, na ukizisikiliza kwa mfululizo unasikia ladha ya muziki wa huko ikihama.

Blogu lazima uifuate kwa makusudi. Zamani kazi hiyo ilikuwa rahisi kwa Google Reader, programu ya kukusanya makala mpya za blogu mahali pamoja, iliyoanza mwaka 2005 na kufungwa tarehe 1 Julai 2013. Wanablogu wengi walipoteza wasomaji hapo, na baadaye sehemu kubwa ya uandishi huo ikahamia kwenye majarida ya barua pepe. Lakini mlisho wa RSS, orodha ya makala mpya ambayo programu za namna hiyo huisoma, haujafa: blogu zilizojengwa kwa WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, huutoa zenyewe, na programu za kusoma milisho bado zipo, nyingine za bure. Faida yake ni kwamba makala zinakuja kwa mpangilio wa tarehe, bila mtu wa kati kukuchagulia, na zikiisha zimeisha.

Kitakachobaki kesho

Hapa rimiksi ina udhaifu mkubwa, na anayetaka kuzifuatilia inafaa alijue mapema asije akashangaa.

Tangu mwaka 2007 YouTube ina mfumo wa Content ID, unaolinganisha kila video inayopakiwa na mafaili yaliyowekwa na wenye hakimiliki. Mfumo ukigundua kufanana, mwenye haki anaweza kuizuia video, kuchukua pesa za matangazo yake, au kuiacha huku akifuatilia takwimu. Mashine hiyo inatambua picha na sauti. Kejeli haiitambui. Mwaka 2010 jambo hilo lilionekana wazi. Kulikuwa na mamia ya video zilizotumia tukio moja la filamu ya Kijerumani Der Untergang ya mwaka 2004, pale Hitler anapowafokea majenerali wake ndani ya handaki. Watu waliacha sauti ya Kijerumani ilivyo na kubandika maandishi ya uongo chini, hivyo Hitler akawa anafoka kuhusu mpira, simu mpya, au tiketi zilizoisha. Kampuni yenye filamu ilipodai ziondolewe, nyingi zilipotea kwa mpigo. Haukupita muda zikatokea nyingine ambazo Hitler anafoka kwa sababu video zake zimeondolewa.

Sheria nayo haisimami mahali pamoja. Nchini Marekani kuna kanuni ya matumizi ya haki, inayoruhusu kutumia kazi ya mwingine kwa ukosoaji au dhihaka kwa kutegemea mazingira. Mwaka 2010 Maktaba ya Bunge iliruhusu watengenezaji wa video zisizo za biashara kuvunja kufuli za kidijitali zinazozuia kunakili DVD ili wachukue vipande vifupi kwa ajili ya kukosoa au kutoa maoni. Mwaka 2015 mahakama ya rufani, katika kesi iliyotokana na video ya mtoto mdogo akicheza wimbo wa Prince, iliamua kwamba mwenye hakimiliki lazima azingatie matumizi ya haki kabla ya kudai video iondolewe. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la hakimiliki la 2019, uliweka nafasi ya nukuu, uhakiki, dhihaka na uigaji kwa watumiaji wa majukwaa. Wewe mtazamaji huna kesi yoyote hapo, ila matokeo yatakufikia: orodha ya video ulizozihifadhi itakuwa na mashimo, na video uliyomwahidi rafiki yako utaikuta haipo.

Blogu hufa kwa njia nyingine, nayo ni ukimya. Mwenye blogu anapata kazi mpya, mtoto, au anachoka tu. Bookslut ya Jessa Crispin, moja ya blogu na majarida yaliyosomwa sana ya mtandaoni, ilianza 2002 ikafungwa 2016. Nyingine hazitangazi hata kwaheri. Makala ya mwisho inabaki ikisema "nitarudi wiki ijayo", miaka inapita, halafu malipo ya anwani yanakwisha na ukurasa hautafunguka tena. Kuna zinazokaidi. The Complete Review ya M. A. Orthofer ilianza 1999 na imeendelea kwa zaidi ya miaka 20, ikitilia mkazo vitabu vilivyotafsiriwa.

Tofauti ni kwamba maandishi ni rahisi kuokoa. Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandaoni, huhifadhi kurasa za maandishi vizuri kuliko inavyohifadhi video, na wewe mwenyewe unaweza kuhifadhi makala kwenye faili dogo lisilojaza simu. Kwa mtu anayependa kurudia vitu baada ya miaka, hapa blogu zina nguvu.

Nani yuko nyuma yake

Mwanablogu wa vitabu mara nyingi hupewa nakala za bure na wachapishaji, au hupata kamisheni unaponunua kupitia kiungo chake. Hakuna ubaya ikiwa anasema. Mwaka 2009 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, ilitoa mwongozo unaowataka wanablogu wa huko waeleze wanapopewa vitu na wale wanaowasifu. Nje ya sheria, kuna kipimo rahisi: je, amewahi kusema kitabu hakikumpendeza, na akaeleza kwa nini? Ambaye kila kitabu kwake ni "cha lazima kusoma" hakusaidii kuchagua.

Mtengenezaji wa rimiksi kwa kawaida hauzi kitu, na mara nyingi hata pesa za matangazo huenda kwa wengine. Hatari yake ni ya aina nyingine. Ufundi uleule unaomfanya mwanasiasa aimbe unaweza kumfanya aseme ambacho hakusema. Rimiksi ya mzaha haifichi mshono: sauti inaruka, mandhari yanabadilika, na kila mtu anajua ni mchezo. Inayotaka kudanganya hulainisha maungio. Jizoeze kutazama vitu vidogo vilivyo nyuma ya msemaji. Glasi ya maji iliyokuwa nusu ikajaa ghafla, saa ya ukutani iliyorudi nyuma, kola iliyokuwa imekunjika ikanyooka katikati ya sentensi. Macho yakishazoea, utayaona hata kwenye taarifa za habari.

Ukitaka kutengeneza chako

Wapenzi wengi wa rimiksi huishia kutamani kujaribu. Mazoea hayo ni ya zamani kuliko intaneti. Mwaka 1975 Kandy Fong, shabiki wa Star Trek, alipanga picha za slaidi kutoka tamthilia hiyo akazionyesha kwa kufuata wimbo, na mashabiki, wengi wao wanawake, wakaendeleza ufundi huo kwa mashine za kanda za video. Leo programu ya kuhariri iko ndani ya simu. Kinachochosha ni kutafuta klipu zenye ubora na kuzipanga mpaka zikubaliane na mdundo. Dakika moja inaweza kumeza jioni nzima. Tena uwe tayari kuona kazi yako ikizuiwa saa ileile uliyoipakia.

Kuanzisha blogu hakuhitaji kifaa maalumu wala ruhusa ya mtu. Ugumu ni kuendelea mwezi wa pili, wakati wasomaji ni wawili na mmoja ni ndugu yako. Wanaodumu huwa na jambo moja dogo wanalolishika: tafsiri tu, au ushairi tu, au vitabu vya lugha fulani. Brittle Paper, iliyoanzishwa na Ainehi Edoro mwaka 2010, ilijipatia nafasi kwa kuzungumzia fasihi ya Kiafrika kwa namna changamfu, wakati wengi waliiacha madarasani. Ukitaka mazungumzo na wenzako, maoni ya chini ya makala za blogu ndogo bado ni mahali pa watu kujibizana kwa sentensi kamili. Chini ya rimiksi utapata vicheko vingi na hoja chache, ingawa kwenye vikundi vya mashabiki wenyewe mjadala huwa mkali na wa kitaalamu.

Bando

Saa moja ya video, hata kwa ubora wa wastani, hula megabaiti mia kadhaa. Makala ya blogu yenye picha moja au mbili ni megabaiti chache, na kwenye programu ya kusoma milisho huwa chini ya hapo. Rimiksi ukiitazama mara kumi bila kuipakua, umeilipia mara kumi.

Uchague kwa hali yako

Ukitoka kazini kichwa kimechoka na herufi zinacheza mbele ya macho, usijilazimishe kusoma tahakiki. Chagua rimiksi tatu za watengenezaji unaowajua, zima uchezaji wa kujiendesha, ukimaliza weka simu chini.

Kama unasoma kidogo na ungependa kusoma zaidi lakini hujui uanzie wapi, blogu zitakufaa kuliko orodha za vitabu vinavyouzwa sana, kwa sababu nyuma ya blogu kuna mtu mwenye ladha unayoweza kuizoea, hata kwa kupingana naye. Anza na mbili tu, moja ambayo mwenyewe anapenda unavyovipenda, nyingine ya mtu mnayetofautiana.

Kama umetazama filamu na tamthilia kwa miaka mingi na sasa kila hadithi mpya unaitabiri, rimiksi zitakupa raha ambayo mgeni hawezi kuipata, hasa mikusanyo ya klipu na trela za kugeuza. Mgeni wa filamu aanze na muziki, kama nilivyosema.

Mwanafunzi wa fasihi au mwandishi chipukizi apewe blogu zinazochambua aya moja moja, lakini asizidharau rimiksi. Anayejifunza kuhariri hadithi yake atafaidika kuona kwa macho jinsi tukio lilelile linavyogeuka kichekesho kwa kuhamishwa tu mahali pake. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha vijana namna habari zinavyopotoshwa vilevile aanze na rimiksi ya wazi, ya kuchekesha, kabla ya kuwapa ya udanganyifu waitafutie mishono.

Kama lugha unayoimudu vizuri haina blogu nyingi za vitabu, rimiksi za picha na muziki hazidai lugha sana, na zitakusogeza mpaka upate wanablogu unaowaelewa. Au anzisha blogu wewe, kwa kitabu ulichomaliza wiki hii.

Na kama bando ni la kupimia, pakua rimiksi chache ukiwa kwenye waifai, jaza programu yako ya kusoma milisho makala za wiki nzima, kisha uzime data.